Taa ya bafuni ilimwambia Mama anaumwa

"Mwanangu, hivi mimi naumwa halafu mnanificha?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni kwa bafu, taulo begani, uso bado una maji. Ilikuwa siku yake ya tatu kwetu. Mimi nilikuwa napita na nguo za kufua, nikasimama hapohapo, nikamwambia hapana Mama, unaumwa nini tena, akanishika mkono akaniingiza ndani mpaka mbele ya kioo. "Angalia hapa." Akagusa chini ya macho. "Na hapa." Akagusa mashavu.

Nikaangalia. Na yule mama niliyemwona mle kwenye kioo kweli alikuwa mgonjwa. Macho yamezama, chini yake giza kama hajalala wiki nzima, ngozi imepauka rangi ya majivu, mistari ya pembeni ya mdomo imechimbika.

Nikakaa kimya kidogo.

Kidogo tu, ila Mama alikiona kile kimya.

Siku mbili baadaye tukawa hospitali. Daktari akapima presha, sukari, akatoa damu, akauliza maswali yake yote taratibu. Halafu akafanya kitu ambacho wakati ule sikukitilia maanani kabisa: akamwinua Mama kwenye kiti, akampeleka dirishani, akamgeuza uso kidogo, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba akaangalia ndani, akaangalia weupe wa macho, akaangalia ulimi. Kisha akarudi akakaa. Akasema Mama yuko sawa, na kwa umri wake yuko vizuri sana.

Mimi nilirudi nyumbani nimetua mzigo. Mama hakuutua. Siku zote zilizobaki alikuwa ananawa uso ameinamisha kichwa, anajifuta, anatoka, hainui macho kukiangalia kioo hata mara moja. Akaondoka hivyo.

Na lile bafu nililipanga mimi. Kioo nilichagua mimi, taa nilichagua mimi, nikajisifu kwa kila mgeni.

## Picha mbili

Alipoondoka nikabaki napitia picha za simu. Kuna moja nilimpiga sebuleni amekaa pembeni ya dirisha anachambua kitu mapajani, anacheka. Uso umejaa, ngozi inang'aa, ni Mama kabisa yule ninayemjua. Picha ya asubuhi ileile aliyoniuliza kama namficha ugonjwa.

Asubuhi ileile! Tofauti haifiki saa mbili.

Nikaenda bafuni, nikawasha taa, nikajiangalia mwenyewe kwa makini ambayo sijawahi kuwa nayo mle ndani, maana mimi huwa napiga mswaki nimeshaanza kuwaza kazi. Nikaona na mimi nina yale macho ya kuzama. Nikainamisha kichwa, yakazidi. Nikainua uso juu kuielekea taa, yakafutika. Nikashusha tena, yakarudi. Nikarudia hivyo mara tano sita kama mtoto anayecheza na swichi.

Taa yetu ilikuwa moja, katikati ya dari, nyuma kidogo ya mahali mtu anaposimama kwenye sinki. Sasa fikiria mwanga unavyoshuka kutoka pale. Unapiga utosi, unapiga paji, halafu mfupa wa nyusi unauzuia usiingie kwenye macho. Pua inatupa kivuli mdomoni, kidevu kinatupa kivuli shingoni. Na ukisogea karibu na kioo ili uone vizuri, ndiyo unaharibu kabisa, kwa sababu kichwa chako mwenyewe kinakaa kati ya taa na uso wako.

Mume wangu miaka yote anajikata chini ya kidevu akinyoa. Tulikuwa tunalaumu wembe.

Siku nanunua ile taa nilisimama dukani nikaangalia taa yenyewe, umbo lake, inavyopendeza ikiwa juu. Baada ya kufungwa nikaangalia chumba, kweupe kila kona, nikaridhika. Hakuna wakati hata mmoja nilimsimamisha mtu pale kwenye sinki nikaangalia uso wake.

## Maandishi madogo kwenye boksi

Vivuli nilishavielewa, ila ile rangi ya majivu ikanisumbua zaidi. Mama ni mweusi, weusi ule wenye wekundu ndani yake, ukimwona juani ngozi inakuwa kama mbao iliyopakwa mafuta. Mle bafuni ule wekundu ulikuwa umekufa.

Nikalitafuta boksi la balbu, bahati nzuri mimi si mtu wa kutupa maboksi. Kuna namba tatu pale ambazo sikuwahi kuzisoma, nilisoma wati tu kama tulivyozoea enzi za balbu za kuungua. Wati inakwambia balbu inakula umeme kiasi gani, basi. Wingi wa mwanga ni lumeni. Ile balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inatoa kama lumeni 800, na LED inatoa hizohizo kwa wati nane mpaka kumi. Halafu kuna Kelvin, ambayo ni rangi ya mwanga: 2700 ni umanjano wa balbu ya zamani, 4000 ni mweupe wa katikati, 6500 ni weupe unaokwenda kwenye ubluu. Ya kwetu 6500. Namba sikuisoma, niliichagua kwa weupe wake tu, kwa sababu niliamini mwanga mweupe kabisa ndio mwanga safi.

Na namba ya tatu ni CRI, wengine wanaandika Ra. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Ni kipimo cha balbu inavyoonyesha rangi za vitu kwa ukweli, mwisho wake 100. Ya kwetu ilikuwa 70 na kitu. Balbu nyingi za kawaida za nyumbani ni 80, nzuri zinaanzia 90. Kumbe kinachofanyika ni kwamba wanachukua sampuli nane za rangi, rangi zilizopoapoa tu, wanaangalia balbu inazionyeshaje, wanatoa wastani. Nyekundu iliyokolea haimo kwenye zile nane! Inapimwa peke yake, inaitwa R9, na mwenye kiwanda asipotaka haandiki. Kwa hiyo balbu inaweza kupata alama inayoonekana ya heshima huku nyekundu inaionyesha vibaya mno.

Sasa uso wa binadamu yeyote, awe mweupe awe mweusi, uhai wake unaonekana kwa wekundu. Ni damu ile inayopita chini ya ngozi. Ukiwa na taa isiyo na nyekundu ya kutosha, uso wa mtu mweupe unakuwa kama wa maiti, na uso wa mweusi unakuwa majivu.

Nililifunga lile boksi nikakaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu. Nilimpeleka Mama kutolewa damu kwa sababu ya balbu.

## Nikakimbilia upande wa pili

Nilichofanya kesho yake ni kile ambacho nadhani wengi wangefanya. Nikanunua balbu ya 2700, ya manjano, laini, nikaifunga palepale juu. Jioni ile bafu likawa zuri hasa. Mume wangu akatoka kuoga akasema leo unapendeza, na mimi mwenyewe nilijiona nimepungua miaka. Madoa ya chunusi hayaonekani, wekundu umerudi, tena umezidi.

Nikajiambia kazi imeisha, Mama akija atajiona mzima.

Usiku ule sikupata usingizi haraka. Kuna kitu kilikuwa kinanirudia kichwani, na kilikuwa ni yule daktari. Chumba chake kina taa kubwa darini, zinawaka mchana kweupe, na bado alimwinua mama mzee kwenye kiti akampeleka dirishani. Kwa nini?

Kwa sababu alikuwa anatafuta umanjano kwenye macho na upungufu wa damu ndani ya kope, na vitu hivyo kwenye mwanga usio sahihi vinajificha. Hasa umanjano. Chini ya taa ya manjano, jicho lililoanza kuwa la manjano unalionaje? Kila kitu ni cha manjano.

Nikakaa kitandani.

Yaani taa ya kwanza ilimwambia Mama anaumwa wakati ni mzima, na hii niliyoiweka sasa siku moja ingeweza kumwambia ni mzima wakati anaumwa. Na mimi nilikuwa nimeichagua kwa sababu inapendeza.

Hapa nilibishana na nafsi yangu siku kadhaa, na nitakuwa mkweli, sehemu kubwa yangu ilikuwa inataka ile ya manjano ibaki. Mtu mzima ana haki ya kuingia bafuni kwake asubuhi asishambuliwe. Kwa nini mama wa miaka sabini na kitu akutane na kila kunyanzi kabla hata hajaamka vizuri? Lakini kila nikifika hapo namkumbuka akiniuliza "mnanificha?" Alichokuwa anaogopa ni kufichwa. Nikimwekea taa inayombembeleza, nitakuwa namficha kweli.

## Dirisha la daktari

Basi nikaanza upya, safari hii nikiwa na kitu cha kuigiza. Dirisha. Lina nini ambacho taa yangu haina?

Linatoka pembeni, kwanza. Usawa wa uso, si juu ya utosi. Halafu ni pana, mwanga wake unatoka eneo kubwa kwa hiyo vivuli vyake vina kingo laini. Na mwanga wa mchana una rangi zote ndani yake, haujaruka hata moja.

Shida ya dirisha moja ni kwamba shavu moja linapata na lingine linakosa, ndiyo maana daktari alikuwa anamgeuza Mama uso. Kwa hiyo nikahitaji madirisha mawili, kushoto na kulia kwa kioo.

Kabla ya kumwita fundi nilitaka kuona kwa macho. Nikachukua taa mbili za kuchaji, zile za betri (za waya usithubutu kuzishika bafuni), nikafunga kila moja kwa karatasi nyeupe ili mwanga utawanyike, nikampa mume wangu moja na mwanangu moja, nikazima taa ya juu. Wakasimama huku na huku, mtoto juu ya kiti. Nikawaambia pandisheni, shusheni, sogezeni mbele, rudini nyuma. Mtoto akachoka mkono akaanza kushuka taratibu, na nilivyoona mwanga unashuka chini ya kidevu changu, uso ukageuka wa kutisha kama watu wanavyofanya na tochi wakisimulia hadithi za mizimu, nikajua chini pia si mahali pake.

Zilipofika usawa wa macho, pande zote mbili, vivuli vikaondoka. Kila kivuli kinachotupwa na taa ya kushoto kinajazwa na ya kulia. Nikaona uso wangu wote, na kovu la utotoni kwenye kidevu nililokuwa nimelisahau.

Vipimo vinavyotajwa sana na wanaofanya kazi hizi ni katikati ya taa kuwa kati ya sentimita 150 na 170 kutoka sakafuni, na taa mbili ziachane kama sentimita 75 mpaka 100. Ila mimi nina mume wa sentimita 188 na mtoto wa 105, na Mama katikati. Ndiyo maana nikaacha zile taa za duara nilizokuwa nimezipenda, nikachukua ndefu za wima, sentimita 60 kila moja, zinazotoa mwanga kuanzia 130 hadi 190, zenye kifuniko cheupe kisichoonyesha balbu. Hicho kifuniko si cha urembo. Kwa mtu wa miaka 60, mwanga unaofika nyuma ya jicho ni kama theluthi moja tu ya ule unaofika kwa kijana wa miaka 20, kwa hiyo mzee anahitaji mwanga mwingi zaidi, na hapohapo anaumizwa zaidi na balbu iliyo wazi inayomchoma machoni. Mwingi na laini, vyote viwili kwa pamoja.

Rangi nikachukua 4000, CRI 95, kila taa lumeni 800 hivi. Ile ya dari sikuing'oa, nimeiwekea balbu ya CRI 90, ya kuogea na kufanyia usafi.

Kitu kimoja ambacho sikukitarajia: sinki jeupe linasaidia. Mwanga unalipiga unarudi juu, unajaza chini ya kidevu. Rafiki yangu ana sinki jeusi na marumaru nyeusi, taa zake ni kama zangu, na bafu lake bado lina giza usoni. Na ukipaka ukuta kijani kilichokolea karibu na kioo, ujue unajipaka usoni pia.

## Uso kwenye ukungu

Kioo nacho nilifikiri nakijua. Kioo ni kioo, nani asiyejua.

Siku moja mwanangu ametoka kuoga, kioo kimejaa ukungu wa mvuke, akapanda kiti akaanza kuchora uso wake palepale unapoonekana, kidole kikifuata kidevu, masikio, kichwa. Akamaliza akashuka, akaniita. "Mama, mbona ni kadogo?"

Kweli kalikuwa kadogo, kauso ka mdoli. Nikafanya na mimi, nikafumba jicho moja nikachora. Nikaleta futi ya fundi. Kutoka kidevuni hadi utosini mimi ni sentimita 22, mchoro 11. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikamwambia yeye achore ninavyomwelekeza. 11 tena. Nikashangaa mno, maana nilikuwa na hakika kwamba ukirudi nyuma unajiona zaidi.

Hujioni zaidi. Picha yako inakaa nyuma ya kioo umbali uleule uliopo wewe mbele yake, kwa hiyo kioo siku zote kiko katikati yenu, na kipande unachokitumia ni nusu ya saizi yako. Ukitaka kujiona mwili mzima unahitaji kioo cha nusu ya urefu wako, na kikiwa kifupi au kimetundikwa juu mno, kurudi nyuma hakukusaidii kitu.

Ndiyo nikaelewa kwa nini mwanangu hajawahi kujiona kwenye kile kioo cha zamani bila kiti. Kilianzia sentimita 130 kutoka chini. Kwa urefu wake alikuwa anaangalia dari.

Hesabu yake ni rahisi mpaka inatia uchungu kwamba hakuna aliyeniambia. Mchukue mrefu kuliko wote nyumbani, pima macho yake na utosi, katikati ya hapo ndipo ukingo wa juu wa kioo uanzie. Mume wangu macho yako 176, utosi 188, kwa hiyo 182. Mchukue mfupi kuliko wote, katikati ya macho na kidevu ndipo ukingo wa chini. Mwanangu macho 95, kidevu 87, kwa hiyo 91. Kutoka 91 hadi 182, ndani ya hapo kila mtu nyumbani anaona uso wake. Nikakatisha kioo cha urefu wa 95, upana 70, kikafungwa kuanzia 89, sentimita nne juu ya ukingo wa sinki ili maji yanayotuama yasikifikie.

(Ukinunua na kile kidogo cha duara cha kukuza uso, usikiweke mahali jua la dirishani linapokipiga. Kina mbonyeo, kinakusanya miale mahali pamoja, na nyumba zimewahi kushika moto hivyo.)

## Vile vyenye taa ndani

Karibu ninunue kimoja. Kioo kinachoelea ukutani, mwanga unatoka nyuma yake, unagusa swichi kwa kidole. Kwenye picha ni kizuri kuliko kitu chochote. Lakini mwanga wa nyuma unaangaza ukuta, uso unabaki gizani, na niliposimama mbele ya kimoja dukani nikaomba wazime taa nyingine, nilijiona kivuli. Vipo ambavyo ukanda wa mwanga uko mbele, pembeni za glasi, hivyo vinafaa, ila uliza kwanza ule ukanda ukifa unabadilishwaje. Vingi umegandishwa, unatupa kioo chote.

Sikununua.

## Maji na umeme

Hapa sina mjadala mrefu. Kanuni za umeme za nchi nyingi zinaligawa bafu kwa kanda kulingana na ukaribu wa maji: ndani ya beseni la kuogea, kisha juu yake mpaka mita 2.25, kisha sentimita 60 kutoka ukingoni. Kila kanda ina masharti yake. Kwenye taa tafuta herufi IP na namba mbili. Ya pili ndiyo ya maji. IP44 inahimili michirizi ya kurukia kutoka upande wowote, ndiyo niliyoweka pembeni ya kioo. IP65 inahimili maji ya kupigwa kwa nguvu. Na kwenye boksi kuu la umeme kuwe na kile kifaa kinachokata umeme unapovuja miliampia 30, kabla haujamshikilia mtu.

Fundi wa umeme nilipomwonyesha mchoro alisita. "Dada, taa pembeni? Watu wote wanaweka juu ya kioo." Nikampa zile taa za kuchaji ashike mwenyewe, mimi nikasimama kwenye sinki, nikamwambia weka juu, niangalie. Sasa weka pembeni, niangalie. Akaangalia muda. Akaniambia nimsubiri akalete drili.

## Kile cha zamani kilivyooza

Kioo cha zamani tulipokibandua, mgongoni kilikuwa na madoa meusi yaliyojipinda kama njia ya nyoka, na kwa mbele yalishaanza kutokea. Mwaka wa pili tu ule. Njia ile ya nyoka ilikuwa ni silikoni. Nikakumbuka siku kilipobandikwa bafu zima lilinuka siki. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi inakula mgongo wa kioo.

Mgongo ule ni fedha, fedha ya kweli. Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alionyesha namna ya kutandaza fedha juu ya glasi kwa kemikali, na vioo vingi vya nyumbani vya leo ni uzao wa njia ile: utando mwembamba mno wa fedha, juu yake rangi ya kuukinga. Unyevu ukipenya pembeni, fedha inageuka nyeusi, na hakuna sabuni itakayoirudisha.

Kwa hiyo safari hii ni silikoni isiyo na asidi, imewekwa kwa mistari ya wima ili hewa ipite nyuma, na dawa ya kusafishia napulizia kwenye kitambaa, sipulizii kwenye kioo ikachuruzika mpaka ukingo wa chini. Na feni ya kutoa mvuke tunaiacha inazunguka dakika kumi na tano baada ya mtu kuoga. Mwanangu analalamika ukungu wake unaisha haraka.

## Saa nane usiku

Hili nusura nilisahau. Mama huamka usiku, mara mbili, mara tatu. Taa zile za pembeni, pamoja na uzuri wake wote, mtu akiziwasha saa nane usiku mwili unadhani kumekucha na usingizi unakwenda. Asipoziwasha, anapapasa gizani kwenye sakafu yenye maji.

Nikaomba swichi ya tatu. Kataa kadogo ka manjano, chini, karibu na sakafu, kanakoonyesha mlango, ukingo wa mkeka na choo. Hakafiki usoni. Usiku wa manane hakuna anayehitaji kujiangalia.

## Alivyorudi

Mama amekuja wiki iliyopita. Sikumwambia kitu kuhusu bafu, mume wangu nilimkanya, mtoto sikuweza kumkanya kwa hiyo nikaomba tu asahau.

Asubuhi ya kwanza akaingia. Nilisikia maji, yakafungwa. Halafu kimya. Nikasimama kwenye korido na kikombe changu, mkono hautulii. Dakika mbili, tatu. Nikasikia kiguo cha taulo kikiwekwa, na bado hatoki.

"Mwanangu!"

"Abee Mama."

"Njoo."

Nikaingia. Amekisogelea kioo kabisa, uso juu, amebinua kidevu, taa zote mbili zimemwakia, na ngozi yake ile, ule wekundu ndani ya weusi, umerudi mahali pake pamoja na makunyanzi yake yote moja baada ya moja. Kidole kiko chini ya kidevu.

"Hii ndevu imekaa hapa tangu lini, na hamniambii?"

Nikainama nikaangalia. Moja, nyeupe, ndefu kama kucha.

"Nipe kibano," akasema, na hakutoa macho kwenye kioo.